Mhimili Mfupi Kuliko Yote

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa nimesimama jikoni nasubiri maji ya chai yachemke, simu ikaita, na kwenye kioo likatokea jina la yule bwana wa msikitini ambaye hanipigii ila kuna maiti. Sikumpa hata nafasi ya salamu. "Niambie tu, ni nani?" Akaniambia. Nikazima jiko, nikakaa, na chai sikuinywa tena siku ile. Ninyi mnaonisoma humu kila wiki mnajua kwamba sina desturi ya kuandika majina ya watu, wawe hai au wametangulia, na huyu naye simtaji. Wengi wenu mlimwita Maalim na inatosha: yule Mpemba mwembamba wa Kilburn, hapa London, mwenye koti la kijivu lililompwaya na kompyuta aliyoibeba ndani ya mfuko wa nailoni wa supamaketi, akisema mwizi gani ataiba viazi. Alifia hospitali, siku ya tatu baada ya jirani wa ghorofa ya chini kusikia bomba linamwaga maji tangu alfajiri na kupanda kwenda kugonga mlango. Alikuwa na kidonda mguuni, kisukari hakikukiacha kipone, na sumu yake ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Kidonda kile kilikuwa na wiki nyingi. Na wiki zote hizo mimi nilikuwa nampigia simu kila Alhamisi kumuuliza hali yake. Nalisema hili mapema ili mkifika mbele msije mkasema nimewazunguka.

Tulijuana kwenye shirika moja dogo la hisani pale Kilburn, lenye chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa na hita moja ambayo kila mtu alitaka kukaa karibu nayo. Kazi ya shirika ni kuwapigia simu wazee wanaoishi peke yao. Kila lugha ina wapigaji wake: Waairishi wana wao, Wasomali wana wao, Wareno wana wao, Wagujarati wana wao, na sisi wa Kiswahili tulikuwa akina mama wanne, wawili wa Bara, mmoja wa Unguja na mmoja wa Mombasa. Unapiga, unazungumza, unajaza fomu kwenye kompyuta: hali ya mzee leo ni nzuri, ya wastani, au mbaya. Zaidi ya simu, shirika lilikuwa na watembeleaji wawili walioajiriwa, ambao kazi yao ilikuwa kwenda hadi nyumbani, kubisha hodi, kuingia, kutazama kama jiko limewashwa, friji lina nini, na mtu mwenyewe anatembeaje. Simu inasikia sauti tu. Watembeleaji walikuwa na macho na pua. Mmoja wao alikuwa mama wa Kikongo anayejua Kiswahili, na wazee wetu walimngoja kama wanavyomngoja mtoto aliyekwenda dukani. Maalim yeye hakupiga simu. Alichukua fomu zetu zote, akaziingiza kwenye programu ya kuchora takwimu, na kila mwisho wa mwezi akatoa grafu ya mihimili, kila lugha na mhimili wake, imesimama bega kwa bega, ili wakubwa waone mara moja wapi kuna shida nyingi na watembeleaji waelekezwe huko.

Msidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Kwao alisomesha hesabu skuli, kisha akaondoka kisiwani miaka ile walipoondoka wengi, na hapa London alifanya kazi mpaka kustaafu katika ofisi ya kampuni fulani ya mabasi, akilinganisha mabasi yaliyochelewa, njia kwa njia. Aliponifundisha programu ile nilikuwa naogopa hata kushika kipanya. "Buruta safu hii, idondoshe hapa. Haya, tazama, imesimama." Kweli, mihimili ikasimama, nami kwa furaha nikaipaka kila mmoja rangi yake, mwekundu, wa zambarau, wa manjano, wa kijani. Maalim akavua miwani. "Dada, hii grafu au doti ya kanga?" Akaifuta yote ikawa ya kijivu, akaacha rangi kwenye mmoja tu, ule aliotaka watu wautazame. Siku hiyo hiyo alinihadithia habari ya njia moja ya basi ambayo mwezi mmoja mhimili wake ulikuwa mfupi kupita yote, karibu haukuonekana. Mabosi wakasifu, madereva wakapewa vyeti. Maalim hakuridhika. Asubuhi moja ya baridi akaenda kusimama kituoni mwenyewe, akakuta watu wamejikunyata na basi haliji. Safari nyingi za njia ile zilikuwa zimefutwa, na basi lililofutwa halihesabiwi kuwa limechelewa. "Nilisimama pale dakika hamsini," akaniambia, "kwenye njia bora kuliko zote." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka, na nakumbuka nilimwona ni mtu asiyejua utani.

Sasa njooni kwenye grafu yenyewe. Majani yalikuwa yameanza kupukutika, mwaka jana, tukaitwa wapigaji wote kuonyeshwa matokeo. Meneja, binti wa Kiingereza mwenye roho safi, akaiwasha ukutani. Mihimili mitano, kila mmoja unaonyesha ni mara ngapi wapigaji wa lugha ile waliandika kwamba mzee ana shida. Wa Waairishi ulikuwa unataka kugonga dari. Wa Wareno nyuma yake, kisha Wasomali, kisha Wagujarati, na mwisho kabisa, upande wa kulia, kijimhimili kama kisiki cha muhogo: sisi. Meneja akatugeukia sisi wanne akasema ni jambo la kupendeza mno jinsi Waswahili wanavyowatunza wazee wao, na wengine wajifunze kwetu. Tukapigiwa makofi. Nami nikapiga, wallahi, nilijipigia makofi mwenyewe. Nikamtazama yule mama wa Kiairishi aliyekaa karibu yangu, nikamwonea huruma kwa wazee wake walalamishi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba, na nikaandika humu humu, wengine mtakumbuka, kwamba ughaibuni hatujauacha utu wetu. Mkaniandikia kunipongeza. Mtu mmoja tu hakunipongeza, na baada ya siku mbili alinipigia akataka tuonane Edgware Road.

Tulikaa kwenye mkahawa mmoja wa Waarabu, ndani kabisa, mbali na moshi wa shisha. Akaagiza chai ya maziwa, akasogeza sahani pembeni, akaitoa kompyuta kwenye mfuko wake wa viazi. Kwenye kioo kulikuwa na grafu mbili ubavu kwa ubavu. Ya kushoto ni ile ile ya makofi. Ya kulia ilikuwa mpya: kwa kila lugha, simu moja huchukua muda gani. Humo sisi ndio tuliokuwa na mhimili mrefu kupita wote, tumewaacha Waairishi mbali.

"Waona nini?" akaniuliza.

"Naona Waswahili wanapenda kuongea. Na hilo nalo linataka kompyuta?"

"Mtu hana shida hata moja, na akaa kwenye simu dakika arobaini. Asema nini?"

Nilijua anasema nini. Na ninyi mnajua. Unampigia mzee wa kwetu: shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo mwanangu, habari za nyumbani, salama, afya je, alhamdulillahi, hatujambo. Kwetu hata nyumba ikiwa inaungua mtu atakujibu salama kwanza, ndipo aseme moto. Baada ya hapo mnazungumza habari za watoto, nani kaolewa, nani karudi nyumbani, mvua ya huku na jua la kule. Kisha mwishoni, unapotaka kuaga, sauti inashuka. "Ila mwanangu, huu mguu." "Ila tangu Ijumaa sijashuka ngazi." Na mimi wakati huo fomu nimeshaijaza, tangu dakika ile ya kwanza nilipouliza hali nikajibiwa. Nzuri. Wenzangu watatu nao walifanya vivyo hivyo, maana fomu swali lake la kwanza ni hali, na sisi hali tunaulizana mlangoni. Lile la mwisho, la mguu, tulilibeba moyoni, tukamwombea mtu dua, tukampelekea supu tukijaliwa. Hatukurudi kwenye fomu. Mwairishi, kama alivyonieleza yule mama mwenzangu, ukimuuliza hali anaanza na goti.

"Mhimili wetu mfupi kwa sababu ya adabu," akasema Maalim. "Hakuna jengine. Na Jumatatu wanakaa kuwagawa watembeleaji kwa grafu hii. Wakituondolea yule mama, dada, watu watakufa majumbani na sisi tunasifiwa. Nataka usimame uniunge mkono. Sema tu kwamba alama twazitia kwenye salamu. Mie siko kwenye simu, wataniambia nabuni. Weye uko."

Nikakasirika. Leo naona haya kulisema, lakini nilikasirika kweli. "Yaani nisimame mbele za watu niseme wanawake wanne wazima hawakujua kujaza fomu? Juzi tu tumepigiwa makofi! Na wazee wetu tukawapange foleni moja na walalamishi?" Maalim akanijibu taratibu, "Ndiyo, dada. Foleni moja." Nikamwambia nitafikiri. Akafunga kompyuta, akairudisha mfukoni mwake. Chai yake hakuimaliza, na Maalim hakuwa mtu wa kuacha chai.

Jumatatu nilivaa vizuri, nikawahi kiti cha karibu na hita. Maalim akasimama, akaonyesha grafu zake mbili, akaeleza kwa Kiingereza chake kile cha kupima kila neno. Meneja alimsikiliza kwa heshima, wale wengine walitazama saa. Kisha meneja akauliza, "Na wapigaji wenyewe wanasemaje?" Akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa simu za Kiswahili. Ndugu zangu, sentensi moja tu ndiyo iliyotakiwa. Nikaitazama sahani ya biskuti. Nikasema wazee wetu, kwa jumla, hawajambo. Kwa jumla! Maalim hakuniangalia. Akachomoa waya wa kompyuta, akauzungusha polepole mkononi, akakaa. Wiki iliyofuata yule mama wa Kikongo akapelekwa kwa wazee wa mihimili mirefu, na wetu wakabaki na simu.

Baridi ikaingia. Wazee wetu wawili walichukuliwa na gari la wagonjwa kabla ya mwaka kwisha, mmoja hakurudi, na sisi tukasema ni kazi ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyejaza zile fomu. Maalim aliendelea kuchora. Kila mwezi mhimili wetu ulitoka mfupi, na kila mwezi chini yake aliandika kwa herufi ndogo kwamba alama za Kiswahili hutiwa mwanzo wa simu. Kila mwezi herufi hizo zilikatwa kabla ya grafu kupelekwa juu, kwa sababu zilichafua ukurasa. Mimi nilikuwa naziona, nazisoma, na najua zinamhusu nani. Hakunisema hata siku moja. Afadhali angenitukana, ningepata na mimi pa kumjibia.

Kisha akaanza kukosa kuja. Wiki moja, wiki mbili, mwishowe akasema mguu unamsumbua, atachorea nyumbani. Mkewe alikuwa ametangulia zamani, na binti yake wa pekee anaishi kaskazini huko, safari ya treni ya nusu siku. Meneja akaona huyu naye sasa ni mzee anayeishi peke yake, akamwingiza kwenye orodha. Akampa nani? Mimi. Kwangu na kwake ni vituo vitatu vya basi, na mtaniuliza kwa nini sikwenda. Mimi mjane, yeye mgane, tena peke yake chumbani. Mnaijua midomo ya kwetu. Nikajiambia simu inatosha, nikajiambia hivyo kila wiki.

"Hujambo, Maalim? Hali yako?"

"Salama, dada. Alhamdulillahi. Salama tu."

Yeye! Yeye aliyeligundua jambo lenyewe, aliyelichora, aliyelisimamia peke yake mbele ya watu. Mara ya kwanza nilidhani ananitania. Siku hizi nafikiri kwamba ulimi una mazoea yake, na mtu anaweza kuijua hatari yote na bado neno likamtoka vile vile alivyofunzwa na mama yake. Au huenda alikuwa ananingoja mimi niulize mara ya pili. Sijui, na wa kumuuliza hayupo. Ninachokijua ni kwamba alipojibu, kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye ile alama. Nzuri. Alhamisi baada ya Alhamisi.

Simu yetu ya mwisho ilikuwa ndefu. Alilalamika kwamba programu imebadilishwa, vitufe vimehamishwa, mtu hajui pa kubonyeza. Akanisimulia habari za binti yake. Pumzi yake ilikuwa fupi, nilisikia kwa masikio yangu haya, nikadhani ametoka kupanda ngazi, na sikujiuliza mtu mwenye mguu mbovu anapanda ngazi kwenda wapi. Mwishoni akanyamaza kidogo. Nikadhani laini imekatika. Kisha akaniuliza, "Umeshatia alama, dada?"

"Nimeshatia, Maalim."

"Haya," akasema. "Basi wacha nisikuchoshe."

Nikamuaga, nikakata, nikampigia anayefuata kwenye orodha. Siku ya tatu bomba likamwaga maji.

Kwenye hitima, watu wakiwa wameshakula pilau na mazungumzo yamerudi kuwa mazungumzo, bwana mmoja akatikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Wengine wakaitikia, kweli, kweli, Maalim alikuwa msiri sana. Nilikuwa na kikombe mkononi na nusura nimrushie. Nikasema kwa sauti, mpaka na wanaume waliokuwa upande wa pili wakanyamaza, "Hakuficha! Alionyesha ukutani, mbele ya watu wote, na mimi nilikuwepo!" Wakaniona nimezidiwa na uchungu, wakanikalisha, mtu akaniletea maji. Binti yake akaja akanishika mkono. Nilimpa pole kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama wanavyojibu watoto wetu wote, kwamba kila Jumapili alimpigia baba yake, na kila Jumapili baba alimwambia yuko salama. Neno hilo moja ndilo alilolitaja kwa Kiswahili. Nilitaka kumwambia ukweli wangu pale pale. Sikuweza. Atausoma humu, akipata wa kumsomea, na ana haki ya kunichukia.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili na naona limetuzidi kimo. Sisi tuliokuja huku tumejifunza fomu zao, tunazijaza haraka kuliko wenyewe, lakini kila fomu imeandikwa na mtu anayeamini kwamba ukiulizwa hali utasema hali. Sisi ukituuliza hali tunakupokea kwanza, tunakukaribisha ndani. Hakuna ubaya katika salamu zetu, nisieleweke vibaya, nitazikwa nazo. Ubaya ni kuichukua salamu ukaitia kwenye mashine ukaiita jibu. Programu haikutudanganya. Iliweka adabu yetu kando ya goti la Mwairishi, ikapima vyote kwa rula moja, na ikatoa mihimili safi, iliyonyooka, ambayo mtu yeyote mwenye haraka angeiamini. Na wenye haraka ndio wanaoamua. Siku hizi kwa michoro kama ile ndivyo wanavyoamua zahanati gani ipunguziwe wauguzi, njia ipi iondolewe basi, mtaa upi hauhitaji tena mtu wa kubisha hodi. Hakuna anayekuja na fimbo. Mtu mwema anasimama mbele ya ukuta, anatabasamu, anakusifu, na wiki inayofuata kitu chako kimeondoka. Sasa hivi ninapoandika, mahali fulani katika mji huu kuna ofisi yenye hita na biskuti, na watu wanautazama mhimili mfupi wanafurahi. Hilo linanitia hofu kuliko mauti yenyewe, maana mauti angalau huja na kilio.

Jumatatu hii nilikwenda ofisini nikamweleza meneja yote, tangu Edgware Road mpaka sahani ya biskuti. Alilia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza machozi. Akanifungulia kumbukumbu za Maalim: nzuri, nzuri, nzuri, kutoka juu mpaka chini, zote kwa jina langu, na mstari wa mwisho unasema ameondolewa kwenye orodha. Nikamwomba achore grafu ya mwezi huu. Akaburuta, akadondosha, ikasimama. Nilitaka nione kifo cha Maalim kimeongeza nini. Hakikuongeza kitu. Anayekufa hutolewa kwenye orodha, na huyu hakuwa ameandikiwa shida hata moja, kwa hiyo mhimili wetu haukusogea hata unywele. Ulikuwa pale pale upande wa kulia. Nikamuuliza, na mtembeleaji wetu tutarudishiwa lini? Akasema anaomba radhi, yeye angependa leo, lakini walio juu watataka kwanza kuona takwimu za miezi kadhaa. Yaani tutaendelea na simu tupu mpaka shida zetu zirefuke vya kutosha kuonekana kutoka mbali.

Basi leo Alhamisi nimeanza. Fomu nimeifunga, nimeiweka pembeni, nimeapa sitaifungua kabla simu haijakatwa. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Stanmore, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiswahili chake kinawashinda wanangu. Wanawe wana nyumba kubwa na wanamwita kila siku ahamie kwao, naye hataki. Tulisalimiana, tukazunguka Mwanza yote, samaki wake na mawe yake. Nilipokaribia kuaga nikakaa kimya. Nikamwachia nafasi. Nikasikia saa ya ukutani kwake. "Ila mwanangu," akasema, "tangu Jumapili nalala kwenye kiti, ngazi zimenishinda." Nikaandika mbaya, kwa mara ya kwanza tangu niingie shirika lile, na nikampigia mwanawe hapo hapo. Mpigaji mwenzangu alipoiona alama ile akanitumia ujumbe: unatuaibisha, dada, tutaonekanaje? Nimemjibu kwamba tutaonekana. Tuliyataka makofi na tumeyapata, na mtu mmoja hayupo. Nanyi mnaowapigia mama zenu siku za Jumapili, mkishajibiwa salama msikimbilie kufurahi wala kuaga. Ulizeni tena, kisha nyamazeni, na msijaze mioyoni mwenu alama yoyote mpaka mzee mwenyewe amalize. Adabu yake ni kuanza na heri. Adabu yenu iwe ni kungoja yaliyobaki.

Nilitaka kuendelea, lakini simu yangu ya nne leo, ya mama mmoja anayeishi peke yake mtaa wa nyuma yangu, ilikwisha kabla haijaanza. Salama, salama, ahsante, akakata. Wiki zilizopita ningeshukuru ameniokolea muda. Nimempigia tena, hajapokea. Nimempigia mara ya pili na ya tatu. Mhariri anisamehe kwa safu kukatika hapa; nimeshavaa koti.